Wimbi la Hokusai Ukutani: Ukilipa Kiingilio, Unaona Nini Hasa?

Wimbi Kubwa la mchoraji Mjapani Hokusai ni picha ndogo ya kuchapwa. Ina sentimita 25 hivi kwenda juu na 37 kwa upana: karatasi ya kushika kwa mikono miwili, kusogeza karibu na taa, kisha kurudisha sandukuni. Mwaka 2019, mjini Paris, ukumbi wa Atelier des Lumières ulizimwaga picha za jadi hiyo kwenye kuta zenye kimo cha mita 10. Jengo lenyewe lilikuwa kiwanda cha kusubu chuma kilichoanzishwa mwaka 1835, na mwaka 2018 liligeuzwa kuwa ukumbi wa mwanga wenye projekta 140, spika kila upande, na watazamaji waliokaa sakafuni huku rangi zikiwapita mabegani. Programu kuu ya mwaka ule ilikuwa ya Vincent van Gogh. Ile ya Japani ilikuwa fupi, ya kusindikiza, nayo iliitwa "Japani ya Ndotoni".

Maonyesho ya namna hii, yanayomzamisha mtazamaji ndani ya picha badala ya kumsimamisha mbele yake, yamekuwa biashara kubwa Ulaya, Marekani na Japani kwenyewe. Mwaka 2025, katika mtaa wa Shibuya, Tokyo, kulikuwa na onyesho la Hokusai ambalo hata sakafu yake ilitetema chini ya miguu. Na kila yanapofunguliwa, ubishi ni uleule. Kuna wanaosema hiyo ni sinema ya watalii, picha imeuawa ikapakwa vipodozi. Kuna wanaojibu kwamba bila projekta vijana wasingeijua sanaa hii. Nionavyo mimi, pande zote mbili zinapigania swali lisilofaa. Zinauliza kama kinachoonyeshwa ni asilia au nakala, na kwa picha hizi swali hilo halina mahali pa kusimama. Sababu iko karakana zilikotengenezwa.

Picha moja, mikono minne

Picha hizi huitwa ukiyo-e, picha za ulimwengu unaoelea. Zilistawi kati ya karne ya 17 na ya 19, enzi ya watawala wa ukoo wa Tokugawa, katika mji wa Edo ambao leo ni Tokyo. Wanunuzi hawakuwa mabwana wa ngome. Walikuwa wenye maduka, mafundi, vijana waliopenda michezo ya kuigiza, na wasafiri waliotaka kitu chepesi cha kupeleka nyumbani. Picha ya kawaida iliuzwa kwa bei iliyokaribiana na bakuli moja au mawili ya tambi.

Kazi ilianza kwa mchapishaji, wala si kwa mchoraji. Yeye ndiye aliyekuwa na mtaji na duka, na ndiye aliyejua watu wanataka nini mwezi ujao: mwigizaji gani anavuma, mrembo gani anazungumzwa, barabara gani watu wanatamani kuisafiri. Aliagiza mchoro kama mtu anavyoagiza samani. Aliyesifika kuliko wote, Tsutaya Jūzaburō, ndiye aliyewatoa hadharani wachoraji Utamaro na Sharaku. Mwaka 1791 serikali ilimtia hatiani kwa vitabu ilivyoona vinakiuka sheria, ikamtoza nusu ya mali yake. Kumbe uchapishaji wa picha nzuri ulikuwa na hatari zake. Kuanzia 1790 kila mchoro ulipaswa kupata muhuri wa ukaguzi kabla ya kuchongwa, na Utamaro mwenyewe mwaka 1804 alifungwa pingu kwa siku 50 kwa sababu ya picha zilizomwonyesha mtawala wa zamani, Toyotomi Hideyoshi.

Mchoraji alichora kwa wino mweusi kwenye karatasi nyembamba. Karatasi hiyo ilikwenda kwa mchongaji, ambaye aliigandisha kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, akaisugua mgongo mpaka ikawa kama utando na mistari ikaonekana. Kisha alichukua kisu akakata pande zote mbili za kila mstari, na kwa patasi akaondoa mti uliobaki katikati. Mstari ukasimama juu, pembeni pakawa bonde. Katika karakana kubwa nyuso na nywele hazikuachiwa mwanafunzi. Zilikuwa kazi ya fundi mkuu, kwa kuwa nywele za paji la uso zilipaswa kusimama kwenye mti zikiwa nyembamba kuliko uzi.

Hapo ndipo mchoro wa mkono wa Hokusai ulipoishia. Ulikatwakatwa pamoja na ubao. Yule anayetaka kuona "ile yenyewe" ya Wimbi Kubwa anatafuta kitu ambacho kiliharibiwa makusudi ili picha izaliwe.

Baada ya ubao wa mistari kuchongwa, zilipigwa nakala chache za majaribio, mchoraji akaonyesha rangi gani ikae wapi, na kila rangi ikachongewa uso wake wa ubao. Mbinu hiyo ya rangi nyingi ilikomaa mwaka 1765 kwa kazi za Suzuki Harunobu, baada ya matajiri wa Edo kushindana kuagiza kalenda za picha. Tatizo kubwa lilikuwa kulinganisha: karatasi moja inapita kwenye mbao nane au kumi, na ikihama kidogo tu, mdomo wa mrembo unatoka nje ya uso wake. Suluhisho liliitwa kento: alama mbili zilizochongwa kwenye kila ubao, moja ya pembe na nyingine ya mstari, ambazo karatasi huegemezwa. Hakuna mashine. Mpiga chapa alilowanisha karatasi ya magamba ya mti wa jamii ya mforosadi, akapaka ubao rangi ya maji iliyochanganywa na gundi ya mchele, akalaza karatasi, akaisugua mgongoni kwa kibonye cha duara kilichofunikwa ganda la mwanzi. Pale unapoona anga inaanza na buluu iliyokolea juu na kufifia ikishuka, ujue alifuta rangi hiyo kwa mkono juu ya ubao, upya, kwa kila karatasi.

Hokusai aliijua kazi hii kutoka ndani, maana ujanani alifunzwa uchongaji. Ndiyo maana alikuwa msumbufu. Aliwahi kumwandikia mchapishaji akitaka mchongaji asimwongezee nyuso ukope wa chini ambao yeye hakuuchora, wala asizichonge pua kwa mtindo wa wachoraji wa kundi la Utagawa, ambao haukumpendeza.

Msomaji wa pwani yetu hahitaji maelezo marefu kuuelewa mpango huu. Hakuna anayeingia duka la kanga akauliza ipi kati ya doti zile ndiyo asilia. Anauliza kama mji umekaa sawa, kama rangi imekolea, kama pindo halikuhama. (Na kanga nyingi zilizovaliwa Afrika Mashariki katika karne ya 20 zilichapwa Japani, kwa hiyo hatuko mbali na habari hii kama inavyodhaniwa.)

Nakala nazo zina umri

Kusema hakuna asilia si kusema zote ni sawa. Mti huchakaa. Wimbi Kubwa, lililotolewa mwanzoni mwa miaka ya 1830 na mchapishaji Nishimuraya Yohachi katika mfululizo wa mandhari 36 za Mlima Fuji (ambazo, kwa jinsi zilivyouzika, ziliongezwa zikafika 46), lilichapwa maelfu ya mara. Zilizobaki na kujulikana ni zaidi ya mia moja. Wataalamu huzipanga kwa kuangalia majeraha ya ubao: mistari ya kisanduku chenye kichwa cha picha, juu kushoto, ni mizima katika nakala za mwanzo, kisha inaanza kukatika. Katika nakala za mwanzo zilizotunzwa vizuri, anga ina wingu la waridi hafifu nyuma ya mlima. Katika nyingi, wingu hilo limetoweka.

Limetoweka kwa sababu ya mwanga. Rangi nyingi za ukiyo-e zilitokana na mimea. Nyekundu na waridi ya maua ya beni hupauka, na buluu ya maua ya tsuyukusa hupauka upesi zaidi, huku unyevu nao ukiibadilisha. Mambo yalibadilika kiasi ilipoingia buluu ya Prussia, rangi ya maabara iliyobuniwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18 na kufika Japani kwa wafanyabiashara Waholanzi na Wachina. Bei yake iliposhuka karibu na mwaka 1830, wachapishaji waliikimbilia. Ni kali na haichoki haraka, na ndiyo iliyompa Hokusai bahari yake. Yaani picha ambayo dunia inaiona kuwa ndiyo Japani halisi imesimama juu ya rangi ya Wajerumani.

Ndiyo maana makumbusho huonyesha picha hizi kwa hofu. Chumba huwa na giza, mwanga haupiti luksi 50 hivi (luksi ni kipimo cha mwanga), na baada ya majuma au miezi michache karatasi hurudishwa kabatini kupumzika kwa miaka. Mfano ulio wazi kuliko yote uko Boston. Mwaka 1921 ndugu wawili, William na John Spaulding, waliipa Makumbusho ya Sanaa ya mji huo zaidi ya picha 6,000 kwa sharti moja: zisitundikwe kamwe. Sharti limeshikwa. Matokeo yake ni kwamba rangi zilizo hai kuliko zote hazionekani ukutani popote, na umma unazipata zaidi kwa njia ya picha za dijitali.

Hapa ndipo mwenye projekta anapata hoja ya maana kuliko ile ya "kuwavutia vijana". Mwanga wake haugusi karatasi. Anaweza kumwonyesha mtu wingu la waridi kutwa nzima kwa miezi sita bila kulimaliza. Swali la kumuuliza ni: umechukua nakala gani? Wimbi la mwanzo lenye wingu, au la mwisho lenye mistari iliyokatika? Au umeongeza rangi kwenye kompyuta mpaka buluu ikawaka kama tangazo la soda? Waandaaji wachache hulijibu hili ukutani, na kwangu huo ni upungufu mkubwa kuliko ukubwa wa picha.

Kinachotokea ndani ya kompyuta

Kwanza, kwa nini maonyesho haya daima ni ya Hokusai, Mjapani mwenzake Hiroshige, au wachoraji wa Ulaya kama Monet, Van Gogh na Klimt? Kwa sababu wamekufa zamani na hakimiliki zao zimekwisha. Hokusai alifariki mwaka 1849. Tena makumbusho makubwa yameachia picha za kazi zao bure kwa matumizi yoyote, ya biashara pia: Metropolitan ya New York tangu 2017, Taasisi ya Sanaa ya Chicago tangu 2018. Kampuni haimlipi mchoraji wala familia yake. Gharama yake ni ukumbi, vifaa na mafundi wa uhuishaji.

Mafundi hao huikata picha katika tabaka: mlima peke yake, mashua peke yake, povu peke yake. Kwa bahati ya kuchekesha, wanarudia kazi ya mchongaji wa Edo, aliyeitenga picha kwa rangi. Lakini yeye hakuwahi kuhitaji kilicho nyuma ya mashua. Mashua ya dijitali ikisogea inaacha shimo, maana nyuma yake hakuna kilichochorwa. Lazima mtu alijaze. Kwa hiyo sehemu ya bahari unayoitazama ukutani haikutoka kwa Hokusai wala kwa mchongaji wake. Ni ya fundi wa kompyuta ambaye jina lake huenda halimo hata kwenye orodha ya mwisho. Sioni aibu katika hilo, ila lingesemwa.

Kisha unakuja mwendo, na hapa ndipo nina ugomvi wa kweli. Ndani ya Wimbi Kubwa kuna mashua tatu nyembamba za kwenda mbio, za aina iliyotumika kupeleka samaki wabichi sokoni Edo, na wapiga makasia wameinama. Mjapani wa enzi ile alisoma kutoka kulia kwenda kushoto, hivyo jicho lake liliingia upande uleule wa mashua, likaenda nazo, likakutana na wimbi uso kwa uso. Wimbi halianguki. Picha nzima imejengwa juu ya nukta hiyo ambayo hujui kama watu hawa watafika. Mhuishaji hana budi kuamua: ama wimbi lianguke, ama lipande na kurudi kama bembea. Vyovyote aamuavyo, amejibu swali ambalo Hokusai aliliacha bila jibu. Na ukuta wa kuzunguka pande nne hauna kulia wala kushoto.

Mlima nao. Fuji, mrefu kuliko milima yote ya Japani, katika picha hii ni kidude kilichojificha chini ya ukosi wa wimbi, kiasi kwamba mtu huweza kudhani ni wimbi lingine. Mzaha huo unahitaji fremu. Ukiutoa mlima kwenye fremu ukaufanya mita sita, umekuwa mlima tu.

Yapo pia mambo ambayo mwanga hauwezi kuyabeba hata fundi akiwa hodari namna gani. Picha za nyuso kubwa za Utamaro za miaka ya 1790 nyingine zilipakwa unga wa ulanga kwenye mandhari ya nyuma. Ukiinamisha karatasi, inameta na kuzima kama kioo cha zamani. Harunobu na wenzake walikandamiza karatasi kwenye ubao usio na rangi, ili theluji au nakshi za nguo zivimbe na kuonekana kwa kivuli chake pekee. Hayo ni mambo ya karatasi na ya mkono unaoigeuza. Projekta vilevile haina weusi: panapotakiwa weusi, inaacha kumulika, na ukuta unabaki kijivu. Nywele za wale warembo, fahari ya mchongaji, ndizo za kwanza kupotea.

Maua ya mcheri na geti la Yoshiwara

Jambo moja husemwa kidogo. Sehemu kubwa ya warembo wanaoelea ukutani kwenye maonyesho haya, wamezungukwa na maua yanayoanguka na muziki wa filimbi, walikuwa wanawake wa Yoshiwara, mtaa wa madanguro yenye leseni uliozungushiwa handaki la maji na kuwa na lango moja. Wengi wao waliuzwa na familia zao wakiwa wasichana wadogo, kwa mkataba wa deni. Picha zenyewe hazikuficha kwamba ni biashara. Zilitaja majina ya wanawake na ya nyumba zao, na zilitangaza vitambaa, vipodozi, migahawa. Ulikuwa utangazaji, na mzuri kupindukia.

Kwa hiyo mtu akiniambia maonyesho ya projekta yameifanya sanaa hii kuwa biashara ya macho, nitamuuliza ilikuwa nini kabla. Tsutaya angeingia Atelier des Lumières akahesabu vichwa, akauliza kiingilio, akatabasamu. Kasoro iko kwingine: picha ikitolewa maandishi yake, ikatolewa jina la mwanamke na la nyumba, mtazamaji hana tena njia ya kujua anatazama nini. Anabaki na maua.

Van Gogh alianza zamani

Kule Paris mwaka 2019, kuweka Japani kando ya Van Gogh hakukuwa kubahatisha. Mholanzi huyo alipohamia Paris alijipekulia mamia ya picha za Kijapani katika stoo ya mfanyabiashara Siegfried Bing, zikiwa bado rahisi, na mwaka 1887 akazitundika katika mkahawa wa Le Tambourin. Mwaka huohuo alinakili kwa rangi za mafuta kazi mbili za Hiroshige kutoka mfululizo wa mandhari mia moja za Edo: mvua ya ghafla juu ya daraja na bustani ya miplamu ya Kameido. Alizikuza zaidi ya maradufu, akakoleza rangi, akazizungushia pindo la herufi za Kijapani alizozitoa kwenye picha nyingine.

Hakuna anayemshtaki leo. Alichofanya si mbali sana na wanachofanya wenye projekta: alichukua karatasi ya bei ya tambi, akaipa ukubwa, akaipa makelele. Tofauti ni kwamba tunajua ni yeye, tunaona brashi yake, na tunaweza kuiweka ya Hiroshige pembeni tukalinganisha. Maonyesho mengi ya mwanga hayakupi hiyo ya pembeni.

Nami hapo ndipo ninapopimia. Ukiwa Paris, London, Toronto au Dubai na tangazo la namna hii likapita mbele yako, angalia kama kuna walau chumba kimoja chenye karatasi halisi, hata ya kuchapwa upya, au mbao zenyewe zilizochongwa, au fundi anayepiga chapa mbele ya watu. Kama kipo, lipa, na uanzie hicho kabla ya kuingia gizani. Kama hakipo, bado unaweza kwenda kufurahia, ila ujue unanunua tiketi ya sinema na uilinganishe na bei ya sinema.

Mwaka 2023 nakala moja ya Wimbi Kubwa ilinunuliwa New York, katika mnada wa Christie's, kwa dola milioni 2.76. Wimbi hilohilo liko tangu Julai 2024 nyuma ya noti ya yeni 1,000, pesa ambayo Tokyo inakununulia bakuli la tambi. Na kwa asiyetaka noti wala mnada, bado kuna karakana Tokyo, ile ya Adachi ikiwemo, ambazo wachongaji wake hukata mbao mpya za mcheri kwa kufuata nakala za mwanzo, na wapiga chapa wake husugua kila karatasi kwa mkono. Ukiinunua utakuwa umepata picha mpya, ya sentimita 25 kwa 37, yenye buluu ambayo jua bado halijaigusa.